Si kila mdudu wa kidole hupasuliwa

Nataka kutoa dukuduku langu juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalichukulia kuwa dogo, yaani ugonjwa ambao wananchi tumezoea kuuita mdudu wa kidole.

Mwezi uliopita nilipita kwa jirani yangu nikamkuta amemshika mkono kijana wake, wembe uko mezani na maji yanachemka jikoni. Alitaka "kumtoa mdudu". Nilimsihi asubiri nikitazame kwanza kidole chenyewe. Nilichokiona kilinikumbusha kosa langu la zamani, nami sioni haya kulisimulia iwapo litawaokoa wengine.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Mwaka 1991, nikiwa kazini katika zahanati moja, mama mmoja alimleta mtoto wake wa miaka miwili ambaye kidole gumba kilikuwa kimevimba na kuwa chekundu. Mtoto huyo alikuwa akinyonya kidole usiku na mchana, na midomo yake ilikuwa na vidonda. Vidonda nikavipaka dawa, kidole nikakipasua, wala sikujiuliza kama mambo hayo mawili yana uhusiano. Usaha haukutoka, ila majimaji na damu. Baada ya siku tano mama alirudi, safari hii mkono umevimba hadi kiganjani na usaha wa kweli umeingia pale nilipokata. Mtoto alilazwa, akapona, lakini kidole kile hakikukunjika vizuri tena. Kila nilipokutana naye akienda shule niliinamisha kichwa.

Nilikuja kuelewa baadaye, pale muuguzi mwenzetu aliyekuwa akisafisha vinywa vya wagonjwa bila glavu alipopata kidole cha namna ile ile, na daktari akatukataza kukigusa kwa kisu.

Ndugu Mhariri, jina ni moja lakini magonjwa ni mawili. La kwanza huletwa na bakteria wanaoingia kwa mwiba, jeraha dogo au kung'ata kucha. La pili huletwa na virusi vya malengelenge, vile vile vinavyoleta vipele vya mdomoni ambavyo watu husema ni vya homa. Virusi vya malengelenge ya sehemu za siri pia huweza kufika kidoleni. Wala jambo hili si geni. Daktari Adamson wa Uingereza alilieleza mwaka 1909, na mwaka 1959 madaktari wa huko huko waliandika juu ya wauguzi walioambukizwa vidole hospitalini.

Je, mtu atayatofautishaje? Kidole chenye virusi huanza kwa kuwasha na kuchomachoma, kisha huuma sana kuliko hata uvimbe unavyoonekana. Baadaye hutoka malengelenge madogo yenye maji maangavu, yamekusanyika pamoja, na nyama ya ncha ya kidole kwa kawaida hubaki laini. Kidole chenye bakteria hukusanya usaha wa njano, na usaha ukiwa ndani ya ncha, ncha hiyo hujaa, hukaza na kupwita. Tena muulize mgonjwa: una vidonda mdomoni au sehemu za siri? Umemhudumia mtu mwenye vidonda hivyo? Uliwahi kuumwa kidole hiki hiki zamani? Maana virusi hivi hujificha katika mishipa ya fahamu na huweza kurudi.

Kidole cha namna hii kisipasuliwe. Kukikata ni kuwafungulia bakteria mlango na kuvieneza virusi. Kwa kawaida hupona chenyewe kwa wiki mbili au tatu. Ipo dawa iitwayo asiklova, nayo husaidia zaidi ikianzwa katika siku mbili tatu za mwanzo kwa maagizo ya daktari. Mgonjwa apewe dawa ya maumivu, afunike kidole kwa bandeji kavu, asitumbue malengelenge, anawe mikono, na asijiguse macho kwa sababu virusi hivi huweza kuharibu jicho. Asimshike mtoto mchanga kwa mkono huo. Mwenye kisukari au upungufu wa kinga awahi hospitali mara moja. Na wale wanaokimbilia duka la dawa kununua antibaiotiki wajue kwamba haziui virusi.

Sisemi kwamba kidole kisipasuliwe kamwe. Chenye usaha uliokusanyika hupasuliwa, lakini na mtaalamu, kwa ganzi na vifaa safi, siyo kwa wembe wa nyumbani.

Wengine watasema zahanati zetu za vijijini hazina maabara ya kupimia virusi. Nakataa. Mara nyingi macho mawili na maswali matatu yanatosha kumfanya mtu aweke kisu chini na kuomba ushauri. Siku ile mimi sikukosa maabara, nilikosa subira ya kutazama kinywa na kidole kwa pamoja.

Kwa hiyo naomba viongozi wa zahanati wawakumbushe vijana wetu wa kazi jambo hili, na wahakikishe hakuna anayetia mkono mtupu kinywani mwa mgonjwa. Akina mama nao waelezwe kliniki kwamba mtoto mwenye vidonda mdomoni aangaliwe na vidole.

Kijana wa jirani yangu alikuwa na malengelenge. Tulikwenda naye kituo cha afya siku hiyo hiyo, akapewa dawa, na sasa anashika jembe kama kawaida. Haraka haraka haina baraka.

Muuguzi Mstaafu,
Korogwe.