Wekeni afisa wa makazi Naivasha, visingizio vimetosha

Kuzunguka Mlima Longonot wanaishi watu waliofukuzwa na fujo za uchaguzi, watu waliohamishwa kupisha visima vya mvuke, watu waliosombwa na tope, na watu ambao ziwa limewafuata hadi sebuleni. Kutoka kwa hawa hadi kwa wale ni mwendo wa matatu tu. Na kila kundi lilipong'olewa, serikali ilianza hesabu upya, kana kwamba haijawahi kumhamisha mtu maishani mwake.

Miaka nenda miaka rudi tunaambiwa makazi ni suala nyeti. Sawa, ni nyeti. Lakini kuajiri mtu si jambo nyeti. Naivasha inahitaji afisa wa makazi mwenye ofisi inayojulikana, daftari la majina, na ruhusa ya kuingia kwa gavana na kwa kamishna wa kaunti bila kupiga foleni. Awashauri wanaohamisha watu kabla hawajahamisha, na awasaidie waliohamishwa mpaka hatimiliki iwe mkononi mwao. Mengine yote ni porojo.

Tuanze na 2008, maana hapo ndipo tulipofunzwa.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Jaji Waki iliyochunguza fujo hizo ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Zaidi ya 600,000 walikimbia makwao kote nchini. Fujo zilipofika Naivasha mwishoni mwa Januari, wafanyakazi wa mashamba ya maua waliotoka magharibi mwa nchi walikimbilia kituo cha polisi na jela, kisha wakasafirishwa kurudi mikoa ya wazazi wao, wengine wakiwa hawajawahi kuishi huko. Wakati huo huo Naivasha ilikuwa ikiwapokea waliofukuzwa Eldoret na kwingineko. Wanaotoka wakapishana na wanaoingia, na hakuna aliyekaa mlangoni kuandika nani ni nani na anaelekea wapi.

Mei 2008 ikaja Operesheni Rudi Nyumbani. Familia ziliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 za kujenga upya. Jina la operesheni lilikuwa zuri, ila wengi hawakuwa na nyumbani pa kurudi: nyumba ilikuwa majivu na jirani ndiye aliyeshika kiberiti. Basi wakajitafutia njia wenyewe. Vikundi kama Jikaze na Vumilia Eldoret vilichanga zile elfu kumi kumi, vikatafuta ardhi inayolingana na mfuko wao, vikainunua Maai Mahiu, karibu na Mlima Longonot. Baadaye shirika la Habitat for Humanity likawasaidia kujenga nyumba za kudumu.

Mama aliyelala kwenye hema la plastiki, watoto wakikohoa, alifanya kazi ya afisa wa ardhi, ya mweka hazina na ya mshauri wa makazi kwa mpigo, tena bila mshahara. Alijifunza jinsi ya kumbana muuza shamba, jinsi ya kugawa ploti bila watu kushikana mashati, na jinsi ya kuishi na wenyeji ambao hawakumwalika. Ujuzi huo ungali pale Maai Mahiu. Ni nani serikalini aliyekwenda kumuuliza na kuandika anachosema?

Tena ardhi ile haikuwa rahisi bure. Maai Mahiu kiangazi ni vumbi na upepo, na maji ni ya kugombaniwa. Januari 2005, miaka mitatu tu kabla ya mahema, watu zaidi ya kumi waliuawa eneo hilo wafugaji na wakulima walipopigania maji ya mto Ewaso Kedong. Halafu zikaongezwa familia nyingine juu ya maji yale yale. Afisa mwenye kumbukumbu angeuliza mapema: maji yatatoka wapi, na wafugaji wa Kedong wameketi na nani kulizungumza? Maswali ya dakika mbili. Pale amani ilipodumu, ilikuwa ni busara ya wananchi wenyewe, na wala si mpango wa mtu yeyote aliyekuwa kwenye ofisi.

Bunge, tulipe haki yake, halikulala. Mwaka 2012 lilipitisha sheria ya kuwakinga na kuwasaidia wakimbizi wa ndani, miongoni mwa sheria za kwanza za aina hiyo Afrika. Iliunda kamati ya kitaifa ya mashauriano na uratibu, ikataja daftari la waliohamishwa, ikataja mfuko wa fedha. Ikasema pia kwamba mtu asihamishwe kwa ajili ya mradi wa maendeleo kabla ya kuelezwa, kusikizwa hadharani na kutafutiwa njia mbadala. Usomapo sheria hiyo unaweza kudhani shida imekwisha.

Lakini kamati ya Nairobi haijui njia ya kijiji cha Kamuchiri, kule Maai Mahiu. Wizara ya Mipango Maalum iliyoshika faili tangu 2008 ilimezwa na Wizara ya Ugatuzi mwaka 2013, na wakati huo huo familia zilizobaki kambini zikapewa shilingi 400,000 kila moja badala ya ardhi ili kambi zifungwe. Hatuzilaumu fedha, maana kuna waliozitumia vizuri. Ila pesa mkononi bila mtu wa kukuonyesha shamba lenye hatimiliki safi ni karamu ya madalali, na kila mkazi wa Rift Valley anajua madalali wa ardhi wanavyonusa pesa mpya. Na ambao hawakuwa kambini, wale waliojibanza kwa ndugu au kupanga chumba mtaani Karagita, wengi wao waliambiwa hawamo kwenye orodha.

Mtoto mchanga wa nchi hii ana kitabu cha kliniki. Popote mama yake aendapo, muuguzi hukifungua na kuona chanjo ipi imetolewa na ipi bado. Familia iliyohamishwa mara mbili haina hata hicho. Kila afisa mpya anaanza na jina, kitambulisho na "mlitoka wapi?"

Sasa tuvuke mlima twende Olkaria, maana huko hapakuwa na vita wala mafuriko ya kusingizia. Kulikuwa na mpango, wataalamu na fedha. Mwaka 2014 kampuni ya umeme ya KenGen iliwahamisha Wamaasai wa vijiji vinne kupisha mradi wa umeme wa Olkaria IV, ikawapeleka RAPland, shamba la ekari 1,700 lenye nyumba mpya, shule na zahanati. Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya zilikuwa miongoni mwa wafadhili. Ukiangalia picha ya nyumba zile utasema hawa wamepata bahati.

Wenyewe hawakusema hivyo. Malalamiko yalisafiri hadi makao ya benki hizo, Washington na Luxembourg. Jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia lilipokuja lilikuta mambo ambayo mchungaji wa mbuzi angeyaeleza bila ada ya ushauri: ardhi imekatwakatwa na makorongo, barabara ni mbovu, mashauriano hayakufanywa ipasavyo kwa Kimaa, na baraza la wazee ambalo watu walilizoea lilisukumwa pembeni kamati mpya ilipoundwa. Ikabidi upatanishi uliokwenda hadi 2016 ndipo makubaliano yapatikane juu ya barabara, nyumba za ziada na ardhi.

Yaani walikuwa na washauri. Washauri walijaa tele. Aliyekosekana ni mshauri anayekaa Naivasha, anayejua Kimaa au mwenye msaidizi anayekijua, aliyekwenda kuona korongo wakati wa mvua na si siku ya kupiga picha, na ambaye neno lake lingeweza kuzuia lori lisipakie vyombo mpaka wazee wakubali. Kumsikiliza mzee chini ya mti mwaka 2012 kungekuwa nafuu kuliko kumsikiliza mbele ya wapatanishi mwaka 2015. Tunashangaa wahasibu hawakuliona hili, hata kama wanasiasa hawakuliona.

Na mvua nayo haingoji kamati. Alfajiri ya 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani upande wa Kijabe, kalvati ikiwa imeziba, yalivunja tuta na kuteremka Kamuchiri, Maai Mahiu. Watu zaidi ya 50 walikufa, wengi wakiwa vitandani. Viongozi walifika kwa helikopta na ahadi zikatolewa. Katika kaunti hii hii ya Nakuru, Mei 2018, bwawa la Solai lilikuwa limeua watu zaidi ya 40, na ahadi zikatolewa vile vile. Wiki iliyofuata janga la Kamuchiri, familia za Mathare kule Nairobi ziliahidiwa shilingi 10,000 kila moja zihame kingo za mto. Elfu kumi, kiwango kile kile cha 2008. Bei ya unga imepanda mara ngapi tangu hapo, mama mboga yeyote atakwambia.

Mtaa wa Kihoto, kando ya ziwa, ndio usiseme. Ziwa Naivasha liliingia nyumba za watu mwaka 2020, likaingia tena mwishoni mwa 2025, na boti zilizozoea kubeba watalii wa viboko zikabeba magodoro. Ziwa halikuja kwa siri. Linapanda pole pole, unaweza kuweka kijiti na kulipima. Lakini mpangaji wa Kihoto anayefanya kazi kwenye shamba la maua haambiwi ahamie wapi penye kodi anayoiweza na palipo karibu na basi la kampuni. Anaambiwa ahame. Naye anahama wiki mbili, maji yakipungua anarudi, kwa sababu kazi iko pale pale.

Visingizio tunavijua. Cha kwanza ni kwamba hakuna pesa. Hebu tusichekeshane. Naivasha ndiyo mji wa semina wa nchi hii. Wizara na mashirika hufungasha maafisa wao kila mwezi kuja kukaa kwenye hoteli za kando ya ziwa, kujadili, pamoja na mengine, namna ya kuwasaidia wanyonge. Posho za semina chache zingemlipa afisa mmoja na karani wake mwaka mzima, na bado chai ya saa nne ingebaki.

Cha pili ni kwamba hii si kazi yetu, ni ya wale wengine. Kaunti huelekeza kidole Nairobi, Nairobi huelekeza kidole kwa kaunti. Katiba, katika Jedwali la Nne, imetaja udhibiti wa majanga kwa serikali zote mbili. Basi wagawane: mmoja atoe ofisi, mwingine atoe mshahara.

Cha tatu hawakisemi kwa sauti. Daftari la kweli la nani alihamishwa, alipewa nini na anadai nini likikaa mezani Naivasha kwa mtu yeyote kulisoma, hakuna mwanasiasa atakayeweza kugawa ardhi kwa watu wake wakati wa kampeni, wala kuongeza majina hewa. Hiki ndicho kiini, na hiki ndicho kinachofanya jambo rahisi lionekane gumu.

Wala tusiambiwe kwamba serikali haijui kuunda nafasi kama hizi. Kwa wakimbizi waliovuka mpaka, Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imeweka idara, kamishna na kamati ya ushauri. Machi 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Kakuma na Dadaab kuwa makazi ambamo mkimbizi na mwenyeji watatumia shule na hospitali moja. Hatuwaonei wivu, mpango huo ukitekelezwa ni jambo jema. Tunachouliza ni kwa nini Mkenya aliyehamishwa ndani ya Kenya, mwenye kitambulisho na kura, hana hata mtu wa kulikumbuka jina lake.

Afisa huyo asitafutwe kwa tangazo linalodai shahada mbili na uzoefu wa miaka kumi katika mashirika ya kimataifa. Atafutwe Jikaze, atafutwe RAPland, atafutwe Kamuchiri. Mwenye cheti cha kidato cha nne aliyewahi kuhamishwa, akanunua ardhi kwa mchango, akasimamia ujenzi na kuelewana na wafugaji, ana sifa kuliko mshauri wa Nairobi ambaye kila akija lazima aelekezwe barabara ya Suswa iko upande gani. Apewe wasaidizi wanaojua Kimaa na Kikuyu, pikipiki, na laini ya simu inayopokelewa. Kila robo ya mwaka aweke taarifa hadharani, kwenye ubao wa ofisi ya chifu: familia ngapi zimehamishwa, ngapi zina maji, ngapi zimepata hatimiliki, na ni ofisi ipi imekalia faili.

Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa yawe yamefika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili kila mwaka, na kabla hayajapitishwa wananchi huitwa kutoa maoni. Nendeni, nyinyi wa Longonot, Maai Mahiu, Olkaria na Kihoto. Msiulize habari ya barabara peke yake. Mwambieni mwakilishi wa wadi awaonyeshe kwa kidole mstari wa mshahara wa afisa wa makazi, na kama haupo, asiondoke ukumbini mpaka aseme utaingizwa lini.