Piloti naye iko mutumikaji

Kuna wenye kuota safari ya siku nne kwa avio ndogo: kutoka Lubumbashi, kuona maporomoko ya Lofoi mu Kundelungu, kulala Kalemie pembeni ya ziwa Tanganyika, kurudia juu ya maziwa ya Upemba mpaka Kolwezi. Ni safari nzuri. Inchi yetu haiko mashimo ya mine tu.

Lakini safari inapangwa chini, mbele ya kupanda. Esansi ya avio ndogo haiko ku kila kiwanja: uliza kwanza. Lubumbashi iko karibu metre 1.300 juu ya bahari. Mu jua kali motere inapoteza nguvu, na mizigo inapashwa kupunguka. Toka mwezi wa 11 mpaka wa 3, mvua na radi vinafunga njia. Mwezi wa 9 ni moshi wa pori. Basi chagua mwezi wa 5 ao wa 6, na uache siku moja ya bure.

Ile siku ya bure njo neno langu. Sisi watu wa mine tunajua: jiwe linalia juu ya kichwa, shefu anasema "shukeni", mutu anaogopa kufukuzwa, anashuka. Tumezika wandugu hivyo. Piloti naye iko mutumikaji. Mawingu ikifunga mulima, hata mwenye kulipa apige kelele juu ya hoteli yake, piloti aseme hapana, na mushahara wake usiguswe. Iandikwe mu mapatano mbele ya kuruka.

Kama haikuandikwa, musipande.