Farasi wa karatasi

Msimu wa 2023/24 Stephane Aziz Ki wa Yanga alimaliza Ligi Kuu na mabao 21. Feisal Salum, kijana wa Zanzibar aliyekuwa ndani ya jezi ya Azam, akamaliza na 19. Hakuna baraza ya Unguja iliyobishana juu ya hesabu hiyo. Watu walibishana nani fundi zaidi, nani kabebwa na timu, nani angefunga zaidi lau wangebadilishana jezi. Lakini 21 ilibaki 21 na 19 ikabaki 19. Ligi moja, mechi 30 kwa kila timu, marefa wale wale (waliolaumiwa na pande zote, kama kawaida).

Sasa hamia ubishi wa pili, ule unaoanza kwenye baraza hizo hizo Simba na Yanga zikishachosha: gari ipi ina nguvu. "Sheikh, Subaru yangu imesoma 340!" "Imesoma wapi?" Hilo swali la pili ndilo lenye maana, na ndilo linalozimwa kwa kelele. Mwenye gari anatoa simu, anaonyesha picha ya karatasi yenye mstari uliopanda kama kilima, na chini yake namba. Basi, kashinda. Mwenye 310 anaondoka kichwa chini, ingawa huenda gari yake ndiyo yenye nguvu zaidi.

Namba hiyo inatoka kwenye mashine inayoitwa daino. Gari inafungwa mikanda, tairi zinakaa juu ya rola za chuma, dereva anakanyaga mafuta mpaka mwisho na mashine inaandika. Wengi wanaamini daino inahesabu farasi kama refa anavyohesabu mabao. Sivyo. Kuna daino inayopima muda ambao tairi zinatumia kuzungusha rola nzito. Kuna nyingine inayozikaba rola na kupima nguvu ya kuzungusha tairi. Farasi wanakuja baadaye, kwa hesabu: nguvu ya kuzungusha mara kasi ya mzunguko. Farasi mmoja wa Kijapani au Kijerumani ni uwezo wa kuinua kilo 75 kwenda juu mita moja kwa sekunde moja. Mchukuzi wa bandari ya Malindi anayepandisha gunia anaielewa hesabu hiyo kuliko muuza magari.

Kwa kuwa ni hesabu, kila mwenye mashine ana nafasi ya kuipindisha, kwa makusudi au kwa kutojua. Chukua gari moja ya tairi nne kuvuta, iliyosoma farasi 250 kwenye tairi. Fundi wa kwanza anasema giaboksi, propela na difu mbili zinakula asilimia 15, kwa hiyo injini yenyewe ina 294. Fundi wa pili anasema gari za namna hii zinapoteza asilimia 25, kwa hiyo injini ina 333. Hakuna aliyegusa hata nati moja. Farasi 39 wamezaliwa ndani ya kikokotoo. Na hiyo asilimia 15 au 25, mara nyingi hakuna aliyeipima. Imekisiwa tu.

Ndiyo maana karatasi isiyosema kama namba ni ya kwenye tairi au ya kwenye injini haifai hata kufungia karanga. Halafu zipo tofauti za mashine zenyewe. Wajuzi wa mambo haya duniani kote wanajua kuwa Dynojet, yenye rola nzito, huwa inasoma juu kuliko Mustang, inayokaba. Mwenye gari aliyepima kwenye moja asijilinganishe na aliyepima kwenye nyingine. Anayenunua nguru pale Darajani anaijua kanuni hii: ukitaka kujua samaki yupi mzito, wapande wote mizani moja.

Balaa kubwa zaidi liko kwenye hewa, na hapo mtu wa Unguja anahusika kuliko anavyodhani. Injini inakula hewa, na hewa nyepesi inaleta nguvu ndogo. Ili karatasi za miji tofauti zilingane, kuna kanuni ya kurekebisha. Ile ya Marekani, SAE J1349, inarudisha kila matokeo kwenye joto la nyuzi 25 na kilopaskali 99 za hewa kavu. Kanuni ya zamani ya huko huko, ambayo wapo mafundi wanaoipenda, inatoa namba kubwa zaidi kwa takriban asilimia 4. Anayetaka kupendeza anachagua hiyo.

Kwa injini isiyo na turbo, marekebisho hayo ni haki. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na presha ya hewa pale ni pungufu kwa takriban asilimia 17. Injini ya kawaida inapungukiwa kwa kadiri hiyo, na kompyuta ya daino inairudishia. Lakini turbo kazi yake ni kusukuma hewa. Hewa ikiwa nyepesi, turbo yenye nafasi inazunguka haraka zaidi na kuziba sehemu kubwa ya pengo. Kompyuta haijali, nayo inaongeza karibu asilimia 20 ile ile. Gari iliyotoa farasi 250 wa kweli inashuka mlima na karatasi ya 300. Gari hiyo hiyo ikipimwa Mtoni au Kiembe Samaki, usawa wa bahari, marekebisho hayafiki hata asilimia 5, na mwenyewe ataapa kuwa mashine ya Unguja ni mbovu.

Mkulima wa karafuu hawezi kudanganyika hivi. Frasila ya karafuu iliyokauka na frasila ya karafuu yenye majimaji ni frasila zote mbili, na mizani haikusema uongo, lakini mnunuzi hatoi bei moja. Kwanza anaangalia ukavu. Kwenye magari yetu ya turbo watu wanasoma mizani tu na kusahau maji.

Kuna jambo jingine linalowachanganya vijana. Wanasema: "Kiwandani ilikuwa 280, sasa ina 340, nimeongeza 60." Hiyo 280 nayo ina historia yake. Kuanzia mwaka 1989, Nissan ilipotoa Fairlady Z ya farasi 280, watengenezaji wa magari wa Japan walikubaliana kiungwana kwamba hakuna atakayetangaza gari ya kuuzwa nchini kwao yenye zaidi ya hapo. Makubaliano hayo yalidumu mpaka 2004, Honda ilipotoa Legend ya farasi 300. Mwaka 1996 Subaru Impreza STI na Mitsubishi Lancer Evolution zote zilifika 280, na zote zikaganda hapo miaka nenda rudi. Lakini Evolution ileile iliyoandikwa 280 kila toleo, nguvu yake ya kuzungusha ilipanda kutoka kilo 36 hadi karibu 41. Namba ya mbele ilisimama, gari ikaendelea kukua. Huo ulikuwa uongo wa heshima, wa kupunguza. Huu wa vijiweni ni wa kuongeza. Kuzitoa namba hizo mbili moja kwa nyingine ni sawa na kutoa mabao ya ndondo kwenye mabao ya Ligi Kuu.

Kipimo kinachosema kweli ni kimoja. Gari ipimwe kabla ya kutuniwa, ipimwe baada ya kutuniwa, kwenye mashine ileile, gia ileile, upepo wa tairi uleule, na hewa inayokaribiana. Kama mwanzo ilisoma 205 na mwisho 248, fundi kaongeza 43, na hapo hana wa kumbishia. Mashine ikiwa inasoma juu au chini si kitu, kwa sababu imepindisha zote mbili kwa namna moja. Mtu wa soka anaujua ulinganisho huu: mshambuliaji mmoja, klabu moja, msimu uliopita na msimu huu.

Wenzetu wa mbio za magari walishaona kwamba karatasi haziaminiki. Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 na Subaru Impreza, gari ambayo mpaka leo jina lake linapandisha bei ya Subaru yoyote kuukuu, hakuna aliyemwomba karatasi ya daino. Kanuni iliweka tundu la milimita 34 mbele ya turbo, na hewa yote ya injini ilipita hapo. Tundu likiwa moja kwa wote, nguvu haiwezi kupishana sana. Gari za daraja lile zilikuwa karibu na farasi 300, kidogo kuliko zinazotajwa na baadhi ya mabingwa wa baraza, na zilipita matope na mawe ya Kenya. Toyota walijaribu kulizunguka tundu hilo mwaka 1995. Wakaguzi kwenye mbio za Catalunya waligundua kifaa kilichotengenezwa kwa ustadi wa ajabu, kinachopitisha hewa pembeni kikishafungwa. Timu ikafutiwa pointi zote za msimu na kufungiwa mwaka mzima. Mashabiki wanaolalamikia klabu iliyopokwa pointi kwa kumchezesha mchezaji asiyestahili wanaijua ladha yake.

Uongo wa karatasi una gharama, na inalipwa na mwenye gari. Kuna fundi anayejua kuwa mteja anataka namba, siyo injini. Anapandisha presha ya turbo mpaka namba ipatikane mara moja, alfajiri, injini ikiwa bado na ubaridi. Mchana wa kaskazi, jua la Unguja likiwa utosini, hewa inaingia kwenye turbo tayari imechemka, na kipoza hewa kilichosimama kwenye foleni ya Darajani hakipati upepo. Hapo ongeza mafuta. Impreza STI ya soko la Japan ilipangwa kwa petroli ya huko, oktani 100. Inayomiminwa hapa iko chini ya hapo. Petroli isiyostahimili inalipuka kabla ya wakati, injini inagonga, kontrol boksi inarudisha moto nyuma kuiokoa na nguvu inashuka. Kama fundi kaizuia kontrol boksi kufanya hivyo ili karatasi ipendeze, kinachofuata ni ringi na pistoni. Kijana aliyekusanya fedha miaka miwili anarudi kupanda daladala, na karatasi ya 340 bado iko kwenye simu.

Na asiye na mashine ya kuaminika anabaki na mizani moja tu, barabara. Ubishi ukikosa refa unapelekwa pale palipo na lami nzuri na giza. Mji Mkongwe una bahati ya vichochoro vyake, kwani Mkunazini hata vespa inaomba njia. Nje ya hapo kuna njia ndefu zilizonyooka, zenye watoto wa madrasa, ng'ombe, baiskeli zisizo na taa na wageni wa hoteli waliokodi pikipiki jana. Mshindi wa barabarani naye hajathibitisha kitu. Uzito wa gari, tairi na nani kaondoka kwanza vinaamua kabla ya farasi kuamua.

Hapa Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar lina kazi ya kufanya, na siyo kazi ya kukunja uso. Daino za kubebwa kwa trela zipo, na boti ya mizigo inashusha Malindi vitu vikubwa kuliko hivyo. Siku mbili kwa mwaka, eneo lililozungushiwa uzio, polisi wa usalama barabarani na gari ya wagonjwa pembeni. Kila gari ipimwe mara tatu mfululizo, na ihesabiwe ya tatu, injini ikiwa imeshachemka, siyo ile ya kwanza ya majivuno. Karatasi iandike namba ya kwenye tairi bila kuongezwa chochote, joto la hewa, saa ya kupimwa na aina ya mafuta. Matokeo yabandikwe ukutani kama msimamo wa ligi.

Wapo watakaosema hilo litachochea mwendo kasi. Gari iliyofungwa mikanda juu ya rola haimgongi mtu. Wenye kelele nyingi watapata udhuru siku hiyo, gari ya huyu itakuwa gereji, ya yule kaazima shemeji. Watakaofika, hata wakisoma 230, ndio watakaokuwa na la kusema barazani jioni yake.