Vita ya walozi iliyoanzia kwenye majani ya mboga



Mama mmoja wa kikundi chetu aliniletea ulizo: "Mwalimu, watoto wanaangalia kwenye telefone filme za walozi wa zamani wa Ulaya, wazee wa ndevu refu wanaorushiana moto kwenye ngome za mawe. Usiku wanaogopa hata kutoka kwenda choo. Tuwakataze?"

Mimi naona kukataza peke yake hakutoshi. Mtoto ukimnyima hadithi nyumbani, ataifuata kwa jirani. Afadhali tumpe hadithi tunayoijua, tukae naye tukimsimulia, ili akiogopa tuwe karibu. Na Afrika yetu inayo vita yake ya walozi, tena kubwa.

Ilitokea katika inchi ya Manding, kule ambako leo ni Mali na Gine, katika karne ya 13. Wasimuliaji wa huko, wanaoitwa griot, wameipokezana baba kwa mwana. Mwaka wa 1960 mwanahistoria wa Gine, Djibril Tamsir Niane, aliitoa katika kitabu kwa Kifaransa, jinsi alivyoisikia kwa griot Mamadou Kouyaté. Soundjata Keita aliishi kweli, na ndiye aliyeanzisha ufalme wa Mali. Mambo ya uchawi ni ya wasimuliaji. Tuwaambie watoto hivyo tangu mwanzo.

Mfalme wa Manding alikuwa na bibi wa kwanza, Sassouma Bérété, aliyemzalia kijana, Dankaran Touman. Baadaye akaoa Sogolon, mwanamke mwenye kibiongo, ambaye watu walimcheka sura yake. Sogolon akazaa Soundjata. Mtoto akafika miaka 7 bila kutembea. Wamama, ninyi mnajua maneno yanayosemwa kwenye kisima juu ya mtoto wa namna hiyo.

Siku moja Sogolon alikosa majani ya mbuyu. Kule wanayatia kwenye mchuzi, nayo hayakosekani jikoni, sawa sombe kwetu. Akaenda kuomba kwa mke mwenzake. Sassouma akampa, lakini akaongeza tusi: kwamba wa kwake alipokuwa na miaka 7 alikuwa anamchumia mama yake majani mwenyewe. Sogolon akarudi akilia. Soundjata akaomba wahunzi wamletee fimbo nzito ya chuma. Akaishika, akajiinua, na chuma kikapindika kama upinde. Akaenda kwenye mbuyu, akaung'oa, akautua mbele ya nyumba ya mama yake. Tangu siku hiyo wanawake wengine ndio waliokuja kwake kutafuta majani.

Mfalme alikuwa amekwisha kufa, na Sassouma alikuwa amemweka kijana wake kwenye kiti. Lakini alimwogopa Soundjata. Usiku akaita walozi wanawake 9, wakubwa kuliko wote wa inchi, wamuue. Wao wakasema hawana neno naye. Basi akawatuma waende kuiba mboga katika bustani ya Sogolon, ili kijana awapige na wapate sababu. Soundjata alitoka kuwinda tembo na marafiki zake, akawakuta humo. Hakuwapiga. Aliwaambia wachume bila woga, akawasaidia kujaza vibuyu vyao, kisha akampa kila mmoja tembo wake. Wale wanawake wakaona haya. Wakamwambia wazi waliyotumwa, wakaahidi kumlinda.

Hata hivyo Sogolon aliona hatari, akawachukua watoto wakakimbia. Walitembea miaka, wakipokelewa hapa na kufukuzwa pale, mpaka wakafika Mema, mbali upande wa kaskazini. Wengi wetu tunaifahamu safari hiyo, mama na mizigo na watoto nyuma yake.

Wakati huo Soumaoro Kanté, mfalme wa Sosso, mhunzi na mlozi mkubwa, alivunja falme moja kwa moja. Wanasimulia kwamba alikuwa na chumba cha siri juu ya mnara, mwenye vichwa vya wafalme 9 aliowashinda, na humo balafoni yake ambayo mtu mwingine haruhusiwi kuigusa. Mshale haukumwingia. Manding ikaanguka mikononi mwake, na Dankaran Touman akakimbia.

Sasa angalieni vile alivyoangushwa. Alikuwa na mpwa wake, Fakoli Koroma, jemadari wake shujaa. Fakoli alikuwa na bibi mmoja tu, Keleya, ambaye peke yake alipika chakula kuliko wake wote wa mfalme wakiwekwa pamoja. Soumaoro akamnyang'anya mpwa wake bibi huyo. Fakoli akaondoka na askari wake, akahamia upande wa Soundjata. Basi vita ikaingia ndani ya ukoo wa mlozi mwenyewe.

Watu wa Manding wakatuma wajumbe kumtafuta Soundjata. Waliompata hawakutumia uganga. Walijifanya wachuuzi, wakapanga sokoni viungo vya kwao. Dada ya Soundjata, Kolonkan, akapita, akaona vitu ambavyo watu wa Mema hawavijui, akajua wenzake wamekuja. Sogolon alifia kule Mema kabla ya kurudi. Na siri ya Soumaoro ililetwa na Nana Triban, dada mwingine, mtoto wa Sassouma mwenyewe, aliyekuwa amepelekwa kwa nguvu Sosso: nguvu ya mfalme inavunjwa na kucha ya nyuma ya jogoo. Huko Kirina, karibu mwaka wa 1235, Soundjata akatia kucha hiyo kwenye mshale. Mshale ukamkwaruza tu bega. Soumaoro akajisikia mtupu, akakimbia, akapotelea milimani Koulikoro.

Wamama, kwa nini naichagua hadithi hii? Kwa sababu kwetu neno "mlozi" ni kiberiti kwenye nyumba ya majani. Yatima anayekojoa kitandani, mtoto anayechechemea, yule mwenye kifafa, au anayekula sana kwa mama wa kambo: haraka anaitwa ndoki. Anapigwa, ananyimwa chakula, anatupwa barabarani. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi, na inasema sheria itamwazibu anayefanya hivyo. Lakini sheria haiingii jikoni. Anayeingia jikoni ni sisi.

Na hadithi ya Manding inatusaidia hapo. Ndani yake kulikuwa nyumba moja ambayo kila mtu angeinyoshea kidole: mama mwenye kibiongo na mtoto asiyetembea. Kama wangekuwa kwenye kartye yetu, nani angetajwa mlozi wa kwanza? Soundjata. Na wale waliofanya mabaya kweli walikuwa watu wazima wenye kiti na mali, waliotaka vya wengine.

Kama mtasimulia nyumbani, nawapa mashauri matatu.

Simulieni kwa jioni mbili. Jioni ya kwanza simamieni kwenye mbuyu uliong'olewa, mtoto alale na furaha. Jioni ya pili mmalizie. Kwa wadogo, vile vichwa vya wafalme viacheni.

Kisha mwulizeni mtoto maulizo mafupi. Sassouma alikosa nini mpaka akamtukana mwenzake juu ya majani? Wale wanawake 9 waliacha ubaya kwa sababu gani? Katika masomo yako kuna mtoto anayechekwa kama Soundjata? Ulizo hili la mwisho msiliruke. Mimi nikiliuliza darasani, watoto wananyamaza kwanza, kisha mmoja anaangalia upande wa mwenzake, na hapo ndipo kazi yangu inaanza.

Na sisi wakubwa, tujiangalie mbele ya watoto. Mtoto anayesikia mama yake akisema kwenye likelemba kwamba wa jirani ni ndoki, kesho analirudisha neno hilo kwenye kiti cha darasa, na yule wa jirani hana fimbo ya chuma ya kusimamia.

Watakayojibu watoto wenu mniletee kwenye mkutano ujao. Tutayasikiliza pamoja.