Turbo ya milioni moja na nusu

Wadau, kwanza niungame. Rafiki yangu alipoanza kuota habari za kufunga turbo kwenye Altezza yake, mimi ndiye niliyemtia kichwa. Nilimkopesha hadi laki tano, hela niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya kodi ya nyumba, na mnajua wenye nyumba wa mji huu wanavyotaka miezi sita kwa mkupuo. Kwa hiyo haya ninayoandika siyaandiki kama mtu aliyekuwa amekaa pembeni akicheka.

Kwa asiyeijua Altezza, ni Toyota ya milango minne iliyotengenezwa Japani kuanzia mwaka 1998 hadi 2005, na hapa Dar ni gari la vijana hasa. Wengi wanayo ile yenye injini ya 1G-FE, silinda 6, cc 1,988, iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 160. Mwenye Altezza huwa na kidonda kimoja cha moyo: gari lina sura ya mbio, lakini mbio zenyewe hazipo. Unakanyaga mafuta, kelele inatoka, halafu Crown ya mzee fulani inakupita taratibu huku kaweka taarabu.

Fundi akasema maneno matamu. "Milioni moja na nusu tu, bosi, na unaondoka hapa na gari jingine."

Tukapiga hesabu mezani. Turbo yenyewe, mtumba, 550,000. Manifoldi ya kuchomelea kwa mabomba, 250,000. Intakula ya mtumba, ile rejeta ya kupoza hewa, 200,000. Mabomba na vibano 150,000. Mipira ya oili 80,000. Ufundi 300,000. Jumla 1,530,000. SACCOS ya kazini kwao ikatoa milioni moja, mimi laki tano, na zile elfu thelathini zilizobaki akazitoa mfukoni. Angalieni vizuri orodha hiyo. Tuliiangalia mara kumi, tukajadili hadi rangi ya mabomba, na hakuna kati yetu aliyeuliza kisichokuwemo.

Kisichokuwemo ndiyo habari yenyewe.

Turbo si kifaa cha ajabu. Mswisi Alfred Büchi alikipatia hataza tangu mwaka 1905. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha pangaboi, pangaboi hilo limeunganishwa kwa mhimili na pangaboi jingine, na hilo la pili linashindilia hewa kuingia kwenye silinda. Hewa ikiwa nyingi, unaweza kuchoma mafuta mengi, na ukichoma mafuta mengi unapata nguvu. Ukiongeza presha ya nusu baa juu ya ile ya kawaida, hewa inaongezeka kwa karibu nusu. Kwenye karatasi, farasi 160 wanakuwa 240. Mnaona utamu wake?

Lakini hesabu hiyo inadai mambo mawili. La kwanza ni mafuta. Petroli inaungua vizuri ikiwa na hewa kama kilo 14.7 kwa kilo moja ya mafuta, na gari likibanwa sana linataka mafuta zaidi ya hapo. Umeongeza hewa kwa nusu, basi nozeli na pampu nazo zinapaswa kuongeza kwa nusu. Nozeli za kiwandani zilipimwa kwa farasi 160. Zikifika mwisho wa uwezo wake hazilalamiki. Zinatoa kile kile, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi kuliko mafuta, na joto ndani ya silinda linapanda. Tena kontroli boksi, ule ubongo wa kompyuta, haujui kama umefungwa turbo. Nao unatakiwa kupangwa upya na mtu mwenye vifaa na anayejua anachofanya. Nozeli kubwa, pampu kubwa, kupanga kontroli boksi: hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye milioni moja na nusu yetu. Fundi alisema nozeli zitatosha.

La pili ni joto, na hapa Dar ndipo tunapoumia zaidi. Hewa ukiishindilia inapata moto. Chukua hewa ya nyuzi 32, ile ya kawaida saa nane mchana, iongezee nusu baa, inatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi zaidi ya 80. Intakula ndiyo ya kuipoza, na intakula inapozwa na upepo wa mwendo. Sasa niambieni, pale Mwenge saa kumi na moja jioni upepo wa mwendo unatoka wapi?

Mchanganyiko wenye joto na mafuta pungufu hausubiri plagi iuwashe. Sehemu yake inalipuka yenyewe kwa wakati usiofaa, na mlipuko huo unaigonga pistoni kama nyundo. Watengenezaji wa magari wanalijua hilo ndiyo maana hawachukui injini ya kawaida na kuitundikia turbo. Angalieni 2JZ, injini ya Supra ambayo kila kijana ana picha yake kwenye simu. Isiyo na turbo, 2JZ-GE, inabana mchanganyiko mara 10. Yenye turbo, 2JZ-GTE, ilitoka na pistoni zilizochimbwa juu ili ibane mara 8.5 tu, na chini ya pistoni wakaweka vijinozeli vya kurushia oili ili kuzipoza. Yaani Toyota walibadilisha matumbo ya injini kabla ya kuipa turbo. Na 1G-FE ya rafiki yangu? Mara 10. Pistoni zile zile za kiwandani, zenye umri wa zaidi ya miaka ishirini.

Na msidhani waliowahi kuteleza ni mafundi wa chini ya mwembe peke yao. Mwaka 1962 General Motors ya Marekani, kampuni yenye wahandisi wa kumwaga, ilitoa Oldsmobile Jetfire, moja ya magari ya kwanza kabisa ya kawaida kuuzwa yakiwa na turbo. Injini yake ilibana mara 10.25, na wao wakaamua kuiacha hivyo hivyo. Ili isigonge, wakaweka tangi dogo la mchanganyiko wa maji na methanoli uliokuwa ukinyunyizwa ndani ya injini. Mwenye gari alitakiwa kulijaza tangi hilo kila likipungua. Likikauka, mtambo ulipunguza presha na gari likawa zito. Watu hawakujaza. Wana kazi, wana watoto, nani anakumbuka tangi la pili? Wakarudi kwa wauzaji kulalamika, na magari mengi yakaishia kung'olewa turbo na kufungwa kabureta ya kawaida. Baada ya mwaka 1963 Jetfire haikutengenezwa tena. Wale hawakukosa fedha. Walijaribu kukwepa gharama ya injini yenyewe, na gharama ikahamia kwa mnunuzi.

Kuna hoja moja nimeisikia vijiweni hadi nimechoka: "Mbona Fuso ina turbo na inabeba mahindi kutoka Songea?" Jamani, Fuso ni dizeli. Kwenye dizeli silinda inavuta hewa tupu, na mafuta yanapigwa ndani dakika ile ile ya kuungua, kwa hiyo hakuna mchanganyiko wa kulipuka mapema. Halafu injini ile ilizaliwa na turbo yake. Kulinganisha hivyo ni sawa na kusema kwa kuwa samaki anaogelea, kuku naye atumbukizwe.

Haya, tulipata nini? Tulipata wiki saba. Sitawadanganya, wiki hizo zilikuwa tamu. Usiku tukitoka kwenye mpira, barabara ikiwa tupu, gari lilikuwa linakusukuma mgongo kwenye kiti hadi unacheka peke yako. Ile sauti ya "psssh" ukiachia mafuta, watoto wa mtaani walikuwa wanaiigiza. Manifoldi ilipasuka mara mbili, tukachomelea, elfu sitini kila mara. Hatukujali. Na ukweli ni kwamba karibu kote tulikopita palikuwa na foleni, matuta, au kibao cha 50 na askari mwenye tochi chini ya mti. Nguvu tuliyoinunua tuliitumia labda dakika kumi kwa wiki.

Wiki ya saba, Kibaha, tukielekea Morogoro kwenye harusi, gari likaanza kutoa moshi wa bluu na mlio kama wa mtu anagonga sufuria. Likanoki pale pale. Kulivutwa hadi Dar, 120,000. Gereji nyingine ilipofungua, pistoni mbili zilikuwa zimevunjika kingo pale ringi zinapokaa. Injini ya mtumba kutoka Japani ameambiwa 2,200,000. Kufunga 350,000. Oili, maji ya rejeta, gasketi na vikorokoro 180,000. Jumlisheni na ile ya mwanzo, pamoja na kuchomelea na kuvutwa. Mnapata milioni nne na nusu kamili, ili gari lirudi kuwa lile lile la farasi 160. Na sijagusa petroli ya ziada wala riba ya SACCOS.

Hapo ndipo ninapokataa neno "bajeti ndogo" kwenye mambo haya. Turbo ya bei poa hujaimaliza kuilipia siku unapoifunga. Umekopa, na dhamana uliyoweka ni injini. Wapo jamaa wanaofanya kazi hii vizuri, nimewaona: wanabadilisha nozeli, wanafunga saa ya kupima mchanganyiko, wanapanga kontroli boksi, wanaacha presha chini, na injini ya akiba ipo nyumbani kabla hawajaanza. Hao sina ugomvi nao, hela ni yao. Ninayemsema ni mimi na rafiki yangu, na wewe unayesoma hii huku umefungua bei za turbo kwenye simu.

Halafu kuna breki. Nimeliacha mwisho, ila ndilo linaloninyima usingizi kuliko hata laki tano yangu. Tuliongeza nguvu kwenye gari na hatukugusa breki wala tairi. Pedi zilikuwa za bei ya chini, tairi mbili za nyuma vipara. Bima nayo hakuwaambia, wakati mkataba unamtaka aseme akibadilisha gari kiasi hicho. Wiki saba tulipita mitaani, watoto wako barabarani, kwa mwendo ambao gari halikuwa na uwezo wa kuusimamisha vizuri. Injini kufa ilikuwa hasara. Ingeweza kuwa kitu kingine kabisa, na sidhani kama ningekuwa nakaa hapa kupiga hesabu za gasketi.

Ambalo sijawaambia ni kwamba gari lile halikuwa la kutamba tu. Kila Jumanne ya pili ndilo lililompeleka mama yake kliniki ya sukari. Sasa anapanda daladala mbili, na magoti yake siyo ya kusimama. Wiki iliyopita nilikwenda kumsalimia. "Shikamoo, Mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akanikaribisha chai, akaniuliza habari za gazeti. Habari za gari hakuniuliza. Ningependa angeniuliza, angalau nipate pa kuanzia kuomba radhi.

Laki tano sijaidai. Mwenye nyumba nimemlipa miezi mitatu na kumwomba anivumilie, amenijibu kwa ile sauti yao. Jumamosi tunakwenda Ilala, mimi na rafiki yangu, kuangalia injini. Turbo tumeshaipatia mteja, kijana mmoja mwenye Mark II. Anatupa laki tatu. Nimempigia simu kumweleza yote haya, akanisikiliza kwa heshima hadi mwisho, halafu akaniuliza kama na intakula ipo.