Mafunzo ya bei ya dawa yasiishie kwenye simu ya muuguzi

Wauguzi na wenye maduka ya dawa wa mashariki mwa Congo wanaweza leo kujifunza sera za bei ya dawa kwa njia ya mtandao, bila kusafiri hadi Kinshasa. Ni jambo jema. Lakini faida yake itaonekana mahali pamoja tu: kwenye dirisha la kituo cha afya, pale mama anapohesabu noti zake ili apate dawa ya mtoto.

Bei ya dawa hupanda ngazi kwa ngazi. Kwa mfano, dawa ikinunuliwa kwa faranga 1 000, muagizaji akaongeza asilimia 20, muuzaji wa jumla 20, na duka la dawa 40, mgonjwa atalipa faranga 2 016. Kila mmoja ameongeza juu ya nyongeza ya mwenzake. Hapo usafiri na kodi bado havijahesabiwa. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwanzoni mwa 2025, mizigo ilibaki kutegemea barabara na ziwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, OMS, wa mwaka 2020 unashauri asilimia ya faida ipungue kadiri bei ya dawa inavyopanda. Sababu yake ni wazi: asilimia ikiwa moja kwa dawa zote, muuzaji anavutwa kuuza ile ya ghali. OMS inashauri pia dawa zipunguziwe au kuondolewa kodi, bei ziwe wazi, na dawa za jeneriki zitumiwe. Paracetamol yenye ubora uliothibitishwa inatuliza homa hata kama pakiti yake haina jina kubwa.

Ugumu uko hapa. Wauguzi wengi wa Congo hawapati mshahara wa serikali. Wanaishi kwa kile mgonjwa anacholipa, na sehemu yake hutoka kwenye dawa. Kumfundisha muuguzi kupunguza faida bila kumlipa ni kumwomba apunguze chakula cha watoto wake. Hata akifaulu mtihani kwa alama zote, kesho ataamka na njaa ileile. Kwa hiyo mafunzo na mshahara vitembee pamoja.

Mafunzo yenyewe yawafikie pia walio Masisi, Walikale au Fizi, ambako umeme ni wa shida na mega za intaneti ni ghali. Yawekwe kwa namna ya kupakuliwa na kusomwa bila mtandao. Kamati za afya za wakaaji, CODESA, zipewe sehemu yake kwa Kiswahili, kwa sababu ndizo zinazokaa na wauguzi kuzungumzia bei.

Na kila kituo kibandike bei ukutani. Hilo linawahusu zaidi waliohamishwa na vita. Kambini wengi walizoea matibabu ya bure yaliyogharimiwa na mashirika. Tangu kambi za pembezoni mwa Goma zilipovunjwa mwaka 2025, wapo wanaoishi kwa familia zilizowapokea, na wengine wamerudi vijijini. Huko wanatajiwa bei kwa mdomo, bila kujua kama jirani alitajiwa hiyohiyo.

Karatasi moja ukutani haiondoi umaskini. Lakini inampa mgonjwa nguvu ya kuuliza, na inamlinda muuguzi mwaminifu asiitwe mwizi.