Unajua Nguvu za Urus, Hujui Bei ya Nduthi Yako



Wiki iliyopita nilikuwa maskani baada ya isha. Kahawa chungu, kashata, hadithi za kawaida. Simu moja ikaanza kupita mkono kwa mkono. Ilikuwa video ya Lamborghini Urus. Kijana mmoja akaanza kutusomesha kama mwalimu: injini ya V8, turbo mbili, nguvu farasi 650, sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.6, spidi ya mwisho 305. Hakukosea hata nambari moja. Nilihakikisha baadaye.

Kijana huyo anaendesha bodaboda. Pikipiki ni ya mkopo, analipa kila siku. Nikamuuliza tu, bila nia mbaya: "Na hiyo nduthi yako, ukimaliza kulipa itakuwa imekutoka pesa ngapi kwa jumla?"

Kimya.

"Mimi nalipa tu ya siku," akasema. "Jumla sijui."

Ndugu yangu, dada yangu, haya ninayoandika yametoka kwenye kimya kile.

Tuelewane kwanza. Sikuja kukwambia gari nzuri ni haramu. Mwenye mali yake ya halali anunue anachotaka, hesabu yake ataitoa yeye. Shida yangu ni hii: kwa nini wewe ambaye hununui umepewa kazi ya kukariri?

Urus ilizinduliwa tarehe 4 Desemba 2017, kiwandani kwa Lamborghini, kwenye mji mdogo wa Sant'Agata Bolognese huko Italia. Marekani bei ya kuanzia ilikuwa dola 200,000. Kwa dola ya wakati ule hiyo ni kama shilingi milioni 20, na hapo bado ushuru wa bandarini hujaugusa. Lakini tamaa yake ilianza kupikwa mapema. Gari ya mfano ilionyeshwa Beijing mwezi wa Aprili 2012. Zaidi ya miaka mitano watu wanatamani kitu ambacho hakijauzwa hata kimoja.

Sasa chukua ile nambari moja, 305. Italia kwenyewe, kwenye barabara zao kuu, sheria inakomea 130. Hapa Kenya gari ndogo mwisho wake ni 110. Yaani hii ni gari ya zaidi ya tani mbili yenye spidi ambayo huwezi kuitumia kihalali kwenye barabara ya umma, si kwao wala si kwetu. Kwa hivyo hiyo 305 si ya kuendeshwa. Ni ya kusemwa. Na nani anaisema? Wewe, maskani, bure, na bando umenunua mwenyewe.

Tuingie chini ya bodi kidogo. Lamborghini iko chini ya Audi, na Audi iko chini ya Volkswagen. Msingi wa Urus ni wa ukoo mmoja na Audi Q7, Porsche Cayenne na Bentley Bentayga. Hilo si aibu, ndivyo kampuni kubwa zinavyopunguza gharama. Na kweli injini ya Urus ina nguvu nyingi zaidi, na mafundi wake si watu wa mchezo. Lakini wakati ule Q7 ilikuwa ikianzia kama robo ya bei ya Urus huko Marekani. Huwezi kunishawishi kwamba pengo lote hilo ni chuma. Sehemu kubwa ya pengo ni jina. Na jina halitengenezwi kiwandani. Linatengenezwa kichwani mwako.

Tazama hesabu zao wenyewe. Mwaka 2017, kabla ya Urus, Lamborghini iliuza magari 3,815. Mwaka 2019 ikauza 8,205. Mwaka 2023 ikavuka 10,000, na kati ya hayo 6,087 yalikuwa Urus. Hii gari ndiyo iliyoinua kampuni.

Lakini hebu rudi kwenye hiyo 6,087. Hiyo ni dunia nzima. Wanunuzi wachache namna hiyo wanaweza kupigiwa simu mmoja mmoja, wakaalikwa chakula cha usiku, wakaonyeshwa gari pazia likiwa limefungwa. Kwa nini basi video inatafuta simu ya kijana wa Majengo, wa Likoni, wa Eastleigh, wa Garissa?

Kwa sababu tajiri hanunui gari tu. Ananunua na macho yatakayoigeukia. Kama mtaani hakuna anayeijua Urus, anayeipisha njia akipiga picha, basi Urus ni gari kubwa inayokunywa zaidi ya lita 12 za petroli kila kilomita 100, basi. Ushangao wako ni sehemu ya bidhaa. Wewe ni shahidi kwenye harusi ambayo hukualikwa, hata sahani ya pilau hupati.

Na shahidi huyu halipwi. Yeye ndiye anayelipa. Analipa bando, analipa muda. Halafu analipa kile ambacho hakionekani: anaanza kuiona nduthi yake kama aibu. Anachukua mkopo wa simu akodi gari kubwa siku ya arusi ya rafiki, apige picha mbili, aweke stetasi, kisha miezi mitatu anakwepa simu za wadeni wake. Mnawajua. Wengine ni sisi.

Najua utaniambia nini. "Acha wivu. Acha vijana waote ndoto. Na hiyo kampuni si imeajiri watu?"

Imeajiri, na hapo ndipo nataka unisikilize vizuri kuliko pote.

Kabla Urus haijaanza kutengenezwa, lilikuwepo swali la ni nchi gani itapata hiyo kazi. Volkswagen ina kiwanda kikubwa cha magari ya aina hii Slovakia, na kuipeleka huko lilikuwa jambo la kuwezekana kabisa. Waitaliano hawakukaa wakisifu sekunde. Mwaka 2015 serikali yao iliweka motisha mezani, na makubaliano yakawa gari itengenezwe Sant'Agata. Kiwanda kikapanuliwa kutoka mita za mraba 80,000 hadi 160,000. Zikaahidiwa ajira mpya 500. Unaweza kubishana kama pesa ya umma ifaa kusaidia gari ya matajiri, na mimi ningebishana. Lakini angalau waliuliza swali la watu wazima: sisi tunapata nini?

Haikuishia hapo. Desemba 2023 vyama vya wafanyakazi vilikaa na kampuni hiyohiyo na kutoka na mkataba mpya. Wafanyakazi wa zamu mbili za kiwandani, watu wanaofunga nati za Urus kwa mikono yao, wakapata mpango wa wiki ya siku 5 ikifuatwa na wiki ya siku 4, bila kukatwa mshahara. Kwa mwaka wanapungukiwa na siku 22 za kazi. Walipiga hesabu ya faida ya kampuni, wakapiga hesabu ya jasho lao, wakadai.

Umeona tofauti? Anayetengeneza Urus anajua nambari za mkataba wake. Sisi tunaoitazama kwenye simu tunajua nambari za injini. Yeye kapumzika Ijumaa. Sisi tumepumzika na nini?

Ndoto si kosa. Ota. Lakini ndoto ya mtu huanza na kitu alichonacho mkononi. Kijana aliyeweza kushika kichwani farasi 650, sekunde 3.6 na spidi 305 hana upungufu wa akili. Akili anayo, tena nyingi. Imekodishwa tu kwa watu wasiomlipa kodi.

Kwa hivyo sikwambii ufute video. Tazama kama unataka. Lakini ukimaliza, chukua kalamu na karatasi, uandike nambari hizi:

Moja: kitu unacholipia kwa mkopo, kiwe nduthi, simu, friji au ada ya chuo, bei yake ya dukani ni ngapi?

Mbili: ukijumlisha malipo yote mpaka ya mwisho, ni ngapi?

Tatu: ukichelewa siku moja, mkataba unasema nini? Si alivyokwambia yule mtu wa ofisi. Mkataba wenyewe.

Nne: wenzako wangapi mtaani wana mkataba kama huo? Maana mmoja akienda kuuliza anaambiwa asubiri nje. Arubaini wakienda pamoja na karatasi mkononi, wanatolewa viti.

Yule kijana wetu? Usiku ule tulikaa naye chini ya taa ya duka, tukapiga hesabu nyuma ya paketi ya sigara ya mtu. Malipo ya siku mara siku zilizobaki, ongeza arbuni, ongeza faini. Jumla ikakaribia mara mbili ya bei ya dukani. Aliitazama ile nambari muda mrefu kuliko alivyoitazama video.

Kesho yake asubuhi alienda kuomba nakala ya mkataba wake. Akaambiwa arudi wiki ijayo. Atarudi, na safari hii haendi peke yake: wenzake saba wa steji wamesema watamsindikiza, kila mmoja na yake.

Nawe una mkataba wako uliokunjwa kwenye droo, hujausoma tangu uweke sahihi. Utoe leo. Ukifika kipengele usichokielewa, uje nacho tukisome pamoja.